Bakuli Ndani ya Kanga

"Kama ni mie, sema ni mie! Nitaje jina! Mdomo si unao, au umeupeleka kwa fundi?"

"Mama Blessing, wallahi nakuapia..."

"Usiape. Mungu ana kazi nyingi asubuhi hii, usimwongezee."

Genoveva, huyo Mama Blessing, alisimama katikati ya uchochoro unaotenganisha nyumba yake na ya Bi Bahiya, uchochoro ambao wanene wawili wakikutana humo lazima mmoja arudi alikotoka. Mkononi alikuwa na fidla ndani ya mkoba wake, kaishika kwa mbali, kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenzake akakojolewa. Bi Bahiya alikuwa barazani kwake, kashikilia nguzo kwa mkono mmoja, ufagio kwa mkono wa pili. Na kwa kuwa Manzese ugomvi haukosi wahudhuriaji, madirisha yalishafunguliwa, na Tusajigwe, muuza chapati wa pale kona, alikuwa ameacha kikaango motoni akaja na mwiko wake, asikose neno.

Kilichomtisha Bi Bahiya si makelele. Makelele amezaliwa nayo. Kilichomtisha ni kwamba Genoveva, tangu ahamie mtaa ule akiwa mke mpya kutoka Bukoba, hajawahi kumpita bila shikamoo. Leo shikamoo hakuitoa.

"Wimbo ni wimbo tu, mwanangu," Bi Bahiya akasema, akijaribu kucheka. "Wimbo hauna mwenyewe. Aliyeuvaa kaupenda mwenyewe."

Neno likamtoka kabla hajalizuia. Ndivyo wasemavyo waimba taarab wote wakibanwa, na yeye amelisema maisha yake yote, kwenye harusi, kwenye foleni ya maji, hata msibani mara moja. Ulimi umelizoea kama meno. Lakini alipoliona linatua usoni kwa Genoveva, alitamani alifuate alimeze tena.

"Ahaa," Genoveva akasema, sauti imeshuka ghafla. "Basi mie nimeuvaa. Umenikaa vizuri, hongera fundi. Jumapili mtafute mwingine wa kukupigia."

Akaiweka fidla kwenye ukingo wa baraza, taratibu, maana hata kwa hasira zile hakuweza kuitupa. Akaingia kwake. Komeo likalia.

"Haa!" Tusajigwe akavuta pumzi. "Bi Bahiya, ndo fidla imerudi hiyo?"

"Chapati zako zinaungua."

"Ziungue tu. Mie niko kwenye habari."

Bi Bahiya akaketi pale pale kwenye sakafu ya baraza. Ilikuwa Ijumaa. Jumapili ni keshokutwa, na Jumapili ndiyo siku ambayo mwanawe Muntasir alikuwa anakuja, ama kumwacha, ama kumchukua.

Habari yenyewe ilianzia mwezi wa Ramadhani. Bi Bahiya aliteleza bafuni alfajiri, nyonga ikagoma, akalala pale sakafuni na kopo lake hadi adhuhuri. Aliita mpaka koo likakauka. Mtaa mzima ulikuwa usingizini baada ya daku. Aliyemwokoa ni Genoveva. Yeye hakusikia kuitwa. Alisikia kwamba redio ya Bi Bahiya haisemi, na redio ya Bi Bahiya haijapata kunyamaza mchana hata siku aliyokufa mumewe. Akaparamia ukuta, gauni na yote, akamkuta.

Muntasir alifika kutoka Msasani kama gari la wagonjwa. Mtoto mzuri, ana kazi yake kubwa, ana mke mpole, ana nyumba ghorofani. Alipoona mamake keshafungwa bandeji ndipo akaanza.

"Mama, huwezi kukaa peke yako tena."

"Nani kakwambia nakaa peke yangu? Mie nina watu."

"Watu gani?"

"Chanda Chema."

Muntasir akacheka, si kwa ubaya, ila kile kicheko kifupi cha mtu mwenye kazi ofisini. "Mama. Chanda Chema ni watu watano na kinanda kibovu. Hata hao hawaji, umeniambia mwenyewe kila nikikupigia simu."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Bi Bahiya, akasema njoo basi Jumapili ya mwisho wa mwezi, alasiri, uwaone kwa macho yako. Na Muntasir, ambaye biashara iko damuni kwa babu zake wote, akalifunga neno hapo hapo: "Sawa. Nikikuta watu wamekaa wanapiga, nitaondoka na sitalisema tena. Nikikuta viti vitupu, unapanda gari." Bi Bahiya akapokea mkono haraka, kama mnunuzi asiyejua bei.

Maana kule Msasani alishalala siku chache, akapajua. Kuna mlinzi getini anayepiga simu juu kuuliza kama mgeni anajulikana. Kuna majirani aliowagongea na sahani ya vitumbua, dada wa kazi akamjibu kupitia ufa wa mlango kwamba mabosi hawapo. Hakuna anayepita, hakuna anayegombana, hakuna hata wa kumsengenya. Kimya cha kule ni kimya cha friji. Bi Bahiya alimwambia Tusajigwe waziwazi: "Nikipelekwa kule mie ndo nimezikwa, basi tu sijavishwa sanda."

Sasa hao Chanda Chema, kikundi cha taarab. Aliyewaanzisha ni marehemu mumewe, Hashil, mwenye duka la nafaka, mpiga kodiani. Enzi zake ua ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia. Alipoondoka, kodiani ikafungiwa kabatini na watu wakapukutika mmoja mmoja, wakabaki hawa: Genoveva na fidla, aliyojifunza kwa masista shuleni akipiga nyimbo za kanisa, Hashil akaja kumfundisha kuilegeza sauti mpaka ilie kipwani; Apolinari dereva wa bajaji, kwenye gitaa la besi; Usama fundi simu, kwenye kinanda; Tusajigwe, kwenye ngoma ya dumbaki, mikono ile ile iliyozoea unga. Na Bi Bahiya mwenyewe, sauti.

Wapigaji walikuwepo, basi. Kupiga ndio kulikuwa shughuli. Apolinari kila siku ya mazoezi alikuwa na abiria wa mwisho. "Namshusha tu hapo Kinondoni, mama, narudi." Halafu usiku kucha Kinondoni inakuwa imehamia Dodoma. Usama alikuja na kisikilizio cha muziki sikioni, moyo wake uko kwenye singeli, na wimbo wowote aliopewa aliupeleka mbio kama anakimbizwa na mgambo, uishe aende zake. Tusajigwe alikuja kwa ajili ya habari. Zikiisha habari, mkono unamuuma. Aliyekuja kupiga ni Genoveva peke yake. Kukiwa na watu, kukiwa hakuna, alikaa kwenye kile kiti chake cha chuma, akazitia nyuzi sawa, akangoja.

Bi Bahiya alijaribu kila dawa. Alibembeleza. Alinuna. Alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu, mrefu, wenye machozi na hadithi ya Mtume ndani yake, akajibiwa vidole gumba. Ndipo akapika pilau. Eh, walikuja! Ila walikuja kwa pua: mfuniko ukifunuliwa, bajaji hiyo mlangoni. Akabadili, akasema chakula ni baada ya mazoezi. Basi bashraf ya Hashil, ile ya ala tupu ya kufungulia shughuli, ambayo zamani mtu angeisikiliza akamaliza kahawa na kuagiza nyingine, sasa ikawa inakwisha kahawa bado ya moto.

Ikabaki wiki. Bi Bahiya akiwa anachambua mchele, akajiuliza: hivi watu wa Manzese ni kitu gani kinawatoa ndani hata wakiwa wagonjwa? Si chakula. Chakula kila mtu anakitafuta kivyake. Ni dongo. Ni kwenda kusikia nani kasemwa.

Akatunga mpasho. Haukumchukua muda, wala hakuuandika. Akamwendea Tusajigwe akanong'ona, "Kuna mtu nimemtungia. Mtu wa humu humu kikundini."

"Nani?"

"Utamjua ukisikia."

Kumnong'oneza Tusajigwe ni sawa na kupanda juu ya paa na kipaza sauti. Jumatano alasiri ua ulijaa. Apolinari aliegesha bajaji akakataa abiria wa kweli, mwenye mizigo na hela mkononi. Usama alikuja masikio matupu. Wakaja na wasio wanakikundi, wakajipanga ukutani, wengine na watoto mgongoni. Bi Bahiya alipowaona akasimama, akalaza mkono kifuani, akaanza:

*Ngoma ikilia huji, chungu kikilia waja,*
*Wala, wanawa kwa maji, kazini watoa hoja.*

Ua ukapiga vigelegele. Tusajigwe akamtupia jicho Apolinari. Apolinari akamkonyeza Usama. Usama akamwangalia Tusajigwe, akainamia kinanda kwa nguvu mpya. Kila mmoja alijua, tena kwa hakika, kwamba anasemwa mwenzake, na kila mmoja alitaka kisu kiingie vizuri. Jamani, walipiga! Besi ilitambaa ardhini, dumbaki ikajibu, Usama kwa mara ya kwanza akatulia ndani ya mwendo kama mtu mzima. Hakuna apigaye kwa moyo kama anayedhani dongo ni la jirani. Na juu ya yote hayo fidla ya Genoveva ikaelea, ikinyanyua kila neno mpaka likang'ara. Bi Bahiya akamwambia marehemu moyoni: Hashil, wanakaa. Ua wako huo.

Akaingia ubeti wa tatu, aliokuwa ameuweka akiba:

*Washiba bado wabeba, bakuli ndani ya kanga,*
*Wajifanya wa mahaba, kumbe chungu wakilenga.*

Fidla ikakatika.

Bi Bahiya alidhani ni uzi. Hakugeuka hata kutazama, alikuwa amelewa na vifijo. Aliwarudisha kwenye kibwagizo mara ya pili, ya tatu, na fidla haikurudi. Walipomaliza Genoveva alishafunga mkoba, akasema kichwa kinamgonga, akapita kati ya watu kuelekea mlangoni. Na Bi Bahiya, akiona anaondoka kabla ya kula, kwa furaha yake yote, kwa upendo mtupu, akampazia sauti mbele ya kadamnasi:

"Mama Blessing! Na pilau yako je, huibebi?"

Watu wakacheka.

Hicho ndicho kicheko alichokuwa anakisikia sasa, Ijumaa, sakafuni barazani, na fidla kando yake. Lakini alikuwa bado hajakielewa. Genoveva, mtu wa kiti cha chuma? Ubeti wa bakuli ulikuwa wa Tusajigwe! Mtaa mzima unajua Tusajigwe haondoki shughulini mikono mitupu. Iweje aliyekuja kila siku ndiye ajione?

Akajifunga ushungi akaenda kuwatafuta wengine. Apolinari alikuwa kijiweni, kajilaza ndani ya bajaji, miguu nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Apolinari, mwanangu, Jumapili."

"Bila fidla?" Habari ilishafika. "Mie besi ni msingi tu, mama. Nyumba alikuwa yeye. Sasa tutapiga msingi, watu waje waukalie?" Akajikuna shingo. "Halafu kumbe lile dongo lilikuwa la Mama Blessing? Mie nilishajua ni la Usama. Nikapiga mpaka vidole vimetoka malengelenge."

"Halikuwa la Mama Blessing!"

"Lilikuwa la nani?"

Bi Bahiya akimwambia ni lako, wewe ndiye wa "chungu kikilia waja", amempoteza na huyu.

"Utakuja?" akauliza.

"Nitaangalia, mama."

Kwa Usama alikuta kioo cha simu ya mtu kimefunguliwa mezani na Usama kakiinamia. Alimheshimu, alimpa stuli, alimfutia na vumbi. "Bi mkubwa, nisikudanganye. Juzi nilikuja kujua kasemwa nani. Si tumeshajua? Ishu imeisha." Bi Bahiya akamshika mkono, kitu ambacho hajakifanya kwa kijana asiye wake, akamwambia baba, nakuomba, siku moja tu, wakinipeleka kule mie nakufa. Usama akaona haya, akatazama pembeni. "Usiseme hivyo, Bi mkubwa. Nitaangalia."

Nitaangalia. Kwa Dar hiyo ni hapana iliyooga.

Usiku huo Bi Bahiya aliwasha redio, akaizima. Alitaka kujua kama kuna mtu atagonga ukuta kuuliza. Hakugonga mtu.

Jumamosi akamwendea Tusajigwe, wa mwisho. Alimkuta anasukuma chapati, na kwa kuwa hakuwa na akiba tena ya uongo wala ya kiburi, akasema tu: "Tusa, ubeti wa bakuli ulikuwa wako wewe. Nisamehe. Nilikuwa nataka mje."

Tusajigwe alicheka mpaka unga ukaruka. "Wangu? Mie? Bi Bahiya, mie nabeba kweupe! Nabeba kwenye mfuko wa rambo, na pilipili naomba, na ndimu naomba. Sasa kanga ya kufichia nini? Nimwogope nani?" Akapangusa macho kwa kiwiko. Halafu kicheko kikamwisha polepole, akamtazama yule mama kwa namna ambayo Bi Bahiya hakuizoea kutoka kwake. "Subiri kwanza. Kumbe kweli hujui?"

"Sijui nini?"

Tusajigwe akageuza chapati, akaikandamiza kwa mwiko. "Baba Blessing kazi hana. Tangu kabla ya Ramadhani. Pale ghalani kwao walipunguza watu, naye kapunguzwa. Kila asubuhi unamwona anatoka, kachomekea shati, begi begani? Anashinda kituo cha mwendokasi. Basi linakuja, linaondoka, yeye kakaa. Jioni anarudi kama katoka kazini. Watoto ndo hawajui. Sasa ile pilau yako Mama Blessing alikuwa anakula kijiko kimoja mbele za watu, inayobaki anaitia bakulini, anaificha ndani ya kanga. Siku ya mazoezi ndo siku nyumba ile inakula nyama."

Mafuta yalikuwa yanachemka. Bi Bahiya akashusha sauti.

"Mtaa unajua?"

"Mtaa wote."

"Mie nakaa mlango na mlango naye. Habari za mtaa huu zote zinapita kwangu. Mbona hakuna aliyeniambia?"

Tusajigwe hakumjibu kwa ubaya. Alimjibu kama anavyomtajia mteja bei. "Nani akwambie wewe, Bi Bahiya? Ukiambiwa unatunga."

Alirudi nyumbani hajui kapita njia gani. Alizikumbuka nyuso, miaka na miaka ya nyuso, jinsi watu walivyokuwa wakinyamaza kidogo anapoingia, halafu wanacheka na kumpisha kiti. Yeye alidhani ni heshima ya sauti yake. Kumbe kila nyumba aliyoingia ilishafunika chungu kwanza.

Jumapili akapika. Mikono ilipika yenyewe, haijui la kufanya jingine. Akapanga viti uani, na kile cha chuma akakiweka mahali pake. Pilau ilipoiva akapakua sahani nzuri, yenye nyama ya juu, akaifunika kawa, akaelekea mlangoni kuipeleka kwa Genoveva. Kufika uchochoroni akasita. Atasema nini? Kwamba na hii ibebe? Akarudi na sahani yake, akaimwaga yote chunguni tena, na hapo ndipo alipolia, juu ya mvuke, mpaka ushungi ukalowa. Akaenda chumbani akalitoa begi alilokwenda nalo Hija. Akatia kanga, dawa za nyonga, picha ya Hashil akiwa na kodiani yake.

Alasiri ikaingia. Viti vilikaa. Paka wa jirani alipanda kwenye kimoja, akajilamba, akashuka.

Muntasir alifika, funguo kidoleni. Alisimama kwenye mlango wa uani akatazama kiti kimoja baada ya kingine, na Bi Bahiya akamwona anavyotafuta neno la upole.

"Mama, watu wako wapi?"

"Sina, baba."

Muntasir hakufurahi. Alishajiandaa kwa ubishi, na ubishi haukuja. Alivikunja viti akaviegemeza ukutani, akalinyanyua begi. "Hata hivyo utakuwa unakuja kusalimia, Mama. Mie mwenyewe nitakuleta."

"Ngoja kidogo. Nina kitu cha mtu."

Aliichukua fidla, akavuka uchochoro. Akapiga hodi. Ndani televisheni ikapunguzwa sauti. Akapiga hodi tena. Harufu ya ndizi zinazochemka ilikuwa inapita chini ya mlango, na sauti ya mtoto ikauliza kitu, ikanyamazishwa.

"Mama Blessing," akauambia mlango. "Sikuja kukuomba upige. Hakuna tena wa kumpigia, viti vimeshakunjwa." Nyonga ilikuwa inamchoma, akajishusha akaketi kwenye kizingiti, mgongo ukiegemea ubao. "Ubeti ule sikukukusudia. Lakini hilo si neno, maana hata ningekukusudia nisingekuwa mbaya zaidi. Wewe redio yangu ilinyamaza ukaparamia ukuta. Wewe nyumba yako ilinyamaza, mie nikaimba."

Akailaza fidla kando yake kizingitini.

"Fidla naiacha hapa mlangoni. Si ya Chanda Chema, Chanda Chema haipo. Hashil alikuwa akisema, fidla ni ya anayeiweka kidevuni. Usiiuze kwa hasira. Ukitaka kuiuza kwa shida, iuze, mie sitasema kitu. Sitatunga kitu."

"Mama," Muntasir akaita kutoka mdomo wa uchochoro, begi mkononi. "Twende, foleni ya Morogoro Road itatukuta."

"Nakuja, baba."

Akashika fremu ya mlango ainuke. Nyonga ikakataa. Akajaribu kwa mkono wa pili, akainuka kidogo, akarudi chini kwa kishindo. Akabaki pale, kanga imemvuka begani, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na kule kona Tusajigwe kasimama na mwiko wake, kwa mara ya kwanza maishani hasemi kitu.

Komeo likalia.

Mlango ulivutwa kwa ndani nusura Bi Bahiya aanguke chali, na mikono ikamdaka chini ya kwapa. Mikono yenye nguvu. Aliijua, ndiyo iliyomtoa bafuni. Nyuma ya Genoveva alisimama Revelian, Baba Blessing mwenyewe, kachomekea shati hata Jumapili, hajui macho ayaweke wapi.

"Kwanza," Genoveva akasema, akimsimamisha wima kama anayesimamisha mtungi, "tangu juzi sijakusalimia. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

"Wimbo ule siupigi mpaka nakufa."

"Hauimbwi tena."

"Na ukitaka habari zangu, uniulize mie. Mlango huu unaujua." Akamfunga kanga vizuri begani, kwa mkono usio mpole sana. Bado alikuwa na hasira, ilionekana kwenye taya. Kisha akaliona begi. "Hilo linakwenda wapi?"

Bi Bahiya alimtazama mwanawe, na mwanawe akatazama chini.

"Shikamoo, Mama Blessing," Muntasir akasema.

"Marahaba. Unamsafirisha mtu wakati wa chakula?"

"Ana pilau kwake, nimeiona..."

"Pilau ya watu ambao hawakuja. Ile tutaijadili kesho." Genoveva akainama akaiokota fidla kizingitini, akaipitisha kwa mumewe aiweke ndani, akamwingiza Bi Bahiya baada yake. Mezani sahani zilikuwa zimepangwa tayari, chache, na Blessing akawa anasogeza kijiko apate kuongeza nyingine. Muntasir alibaki pale pale uchochoroni, begi limemning'inia, funguo bado kidoleni, akimchungulia mamake anavyovutiwa kiti.

"Na wewe usinisimamie mlangoni kama mkusanya kodi," Genoveva akamwambia. "Begi liweke hapo chini. Ni ndizi na maharage, hamna mnyama humu wa kukutia shaka. Ni kidogo, lakini tutagawana. Vua viatu, unawe, uingie ule."